Jahazi na Waimbaji wa Mto Hudson

Mto Hudson huanzia katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani, ukateremka hadi bahari ya Atlantiki. Walakini katika maili 150 hivi za mwisho wa safari yake, maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake kila siku, na wenyeji wa asili waliupa jina lenye maana ya maji yasiyotulia, yaendayo huku na huku. Basi taka itupwayo humo haiendi zake moja kwa moja. Huondoka na maji kupwa, ikarudi na maji kujaa mlangoni pa yule yule aliyeitupa.

Hata ilipofika miaka ya 1960, miji ya ukingoni ilikuwa imeusahau ukweli huo. Maji ya vyoo yalimwagwa mtoni bila ya kusafishwa, na viwanda vilifanya vivyo hivyo kwa mafuta na rangi. Huko Tarrytown palikuwa na kiwanda cha magari, na wenyeji walisimulia kuwa aliyetaka kujua magari ya siku hiyo yalipakwa rangi gani alitazama mto tu. Watu waliupa mto kisogo, nao uliopewa kisogo hauna mtetezi.

Katika mji wa Beacon aliishi mwimbaji Pete Seeger. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakataa kuulizwa habari za imani yake ya siasa. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo kwa kosa hilo, hukumu ikatanguliwa mwaka 1962. Lakini televisheni kubwa zilimfungia milango kwa miaka mingi, na hata miongoni mwa jirani zake walikuwapo waliomtilia shaka. Mtu wa namna hii angesimama kuhutubia juu ya uchafu wa mto, nani angemsikiliza? Rafiki yake alimwazima kitabu cha mwaka 1908 juu ya majahazi ya mlingoti mmoja yaliyochukua mizigo katika mto ule zamani. Alipokisoma akatamani jahazi kama hilo liundwe upya.

Fedha zilichangwa, nyingi kwa njia ya nyimbo, na tarehe 17 Mei 1969 jahazi Clearwater, lenye urefu wa futi 106, likashushwa majini huko South Bristol katika jimbo la Maine. Wengi wa mabaharia wake wa kwanza walikuwa waimbaji, nao waliimba bandari hata bandari mpaka New York, wakitafuta fedha za kulipia deni la chombo.

Uimbaji wenyewe ustahili kuangaliwa. Haukuwa wa kwaya iliyopangwa jukwaani mbele ya wasikilizaji walionyamaza. Seeger alitamka mstari, umati ukauimba. Akatamka wa pili, ukauimba pia. Wala hapana aliyepimwa sauti. Mwalimu wa muziki aliyezoea ukamilifu angeweza kuyadharau haya, na pengine kwa haki. Lakini watu waliofuata wimbo walifika ukingoni, na waliofika waliuona mto na kuinusa harufu yake. Baadaye vikazaliwa vyama vya majahazi katika miji ya mtoni, na katika miaka ya 1980 kwaya ya watu wa kawaida, ambayo Seeger aliianzisha iimbe habari za mto na mazingira yake. Tarehe 18 Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usafi wa maji, ijapokuwa Rais Nixon alikuwa ameikataa. Wimbo haukuiandika sheria hiyo. Wanasheria na wavuvi waliokwenda mahakamani wana sehemu yao kubwa.

Lakini palikuwa na adui asiyeimbika kwa urahisi. Tangu mwaka 1947 hivi hata 1977, viwanda viwili vya General Electric, huko Fort Edward na Hudson Falls, vilimwaga mtoni kemikali ziitwazo PCB. Uchafu unukao hutungiwa beti upesi. Sumu isiyoonekana majini, iliyojificha katika tope na katika mafuta ya samaki, itatungiwa nini? Mwaka 1976 uvuvi wa biashara wa samaki wa milia ulipigwa marufuku, na walioumia kwanza ni wavuvi, ambao hawakumwaga kitu. Kuhusu kulichimbua tope, hata wakazi wa mto wa juu waligawanyika, wengi wao wakipinga. Kazi hiyo ilianza mwaka 2009, ikaisha 2015.

Seeger alifariki Januari 2014, umri wake miaka 94, wakati uchimbuaji ulikuwa bado haujakamilika. Mashine zilipoondoka, watu walikuwa wamekwisha kurudi kuoga katika sehemu nyingi za mto. Lakini serikali ya jimbo iliendelea kuwaonya wanawake wa umri wa kuzaa na watoto wasile samaki wake.