Moto wa Kando ya Mto Ganga

Tulipokuwa tukifundisha Msata, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi. Alikuwa amekwenda Bagamoyo na babaye, mwendo wa maili 40, akasikia huko kwamba wafanya biashara wa Kihindu, ambao wazee wa pwani waliwaita Mabanyani, hawaziki wafu wao bali huwachoma. Akauliza, "Je, Mwalimu, watu hao hawawapendi wazazi wao?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nasi sote, Waislamu kwa Wakristo, tumezoea kaburi tangu utoto.

Basi na twende Bara Hindi, katika mji wa Varanasi, ambao jina lake la kale ni Kashi. Mji huu umejengwa ukingoni mwa mto Ganges, ambao Wahindu huuita Ganga na kuuheshimu kama mama. Ngazi za mawe hushuka toka mjini hata majini, na mahali pamoja katika ngazi hizo huitwa Manikarnika, yaani kipuli cha kito. Wahindu husimulia kwamba Vishnu alichimba kisima pale kwa gurudumu lake, kikajaa jasho lake. Na Shiva alipoitazama kazi ile alitikisika kwa furaha, hata kipuli chake kikaanguka kisimani. Husema pia kwamba mtu afaye Kashi, Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha, asizaliwe tena duniani. Kwa sababu hiyo wako wazee waendao kukaa huko wakingoja kufa.

Maiti huletwa juu ya machela ya mianzi, hutoswa kidogo mtoni, kisha hulazwa juu ya kuni. Moto wenyewe hauwashwi kwa kiberiti. Hutwaliwa kwa malipo kwa Wadom, watu wa ukoo uliodharauliwa tangu kale, ambao huulinda moto mmoja usizimike usiku wala mchana. Hata tajiri hana budi kwenda kwao. Mwenye kuwasha ni mwana wa kwanza, amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeupe. Kazi ikiisha hurusha chungu cha maji nyuma, juu ya bega lake, akaenda zake asigeuke. Baba asiye na mwana wa kumfanyia hayo huhesabiwa mwenye bahati mbaya.

Lakini habari tuipendayo kuliko zote ni ya mfalme Harishchandra, asiyesema uongo kamwe. Alimwahidi mtawa Vishwamitra kumpa cho chote atakacho; mtawa akataka ufalme wote, na juu yake sadaka tena. Mfalme akaenda Kashi, akamwuza mkewe na mwanawe kwa Mbrahmini, kisha akajiuza mwenyewe kwa mlinzi wa mahali pa kuchomea maiti, akawa mtoza ushuru wa wafu. Usiku mmoja akaja mwanamke amebeba mtoto aliyeumwa na nyoka akafa. Mwanamke ni mkewe, na maiti ni mwanawe. Akawatambua, akalia, hata hivyo akadai ushuru, kwa kuwa haki ile si yake bali ya bwana wake. Mama hakuwa na kitu ila nguo aliyovaa. Alipoishika aipasue, miungu ikatokea, mtoto akafufuka. Tulipofika hapa, darasa lilikuwa kimya.

Mohandas Gandhi alipokuwa mtoto aliutazama mchezo wa habari hiyo, nao ukamkaa moyoni. Yeye aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, akachomwa kesho yake karibu na mto Yamuna. Majivu yake yaligawanywa, yakapelekwa mito mingi, na sehemu yake ililetwa kwetu Afrika ya Mashariki, ikamwagwa mwaka uo huo Jinja katika Uganda, pale mto Naili utokapo katika ziwa Viktoria. Tangu 1997 pana sanamu yake ukingoni.

Mwanafunzi wetu akauliza kama majivu yale yangefika baharini. Tukaitandaza ramani, naye akaufuata mto kwa kidole, kupita Sudani na Misri, hata Bahari ya Kati.