Kuinama Kabla ya Ngumi

Mwanafunzi wa karate huvua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikielekea nje, kisha husimama kizingitini na kuinama kabla ya mguu wake kugusa sakafu. Huenda ndani hamna mtu. Huinama vivyo hivyo. Akichelewa, hupiga magoti pembeni akangoja mwalimu amwone na kumpa ishara. Darasa likianza, wote hukaa kwa magoti katika mstari mmoja, mkubwa wa daraja kuliani, mdogo kushotoni. Hufumba macho kitambo, huinama kuelekea mbele ya ukumbi, kisha humwinamia mwalimu, naye huwainamia wao. Somo likiisha yanarudiwa yaleyale. Mwana wa visiwani aliyelelewa katika chuo cha Kurani, akavua ndala zake mlangoni na kuketi mkekani mbele ya mwalimu, hatayaona haya kuwa mageni sana. Huambiwa ni mila ya kale, nayo huonekana hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mila hiyo haijatimiza miaka mia moja na hamsini, na namna ilivyojengeka inaeleza kwa nini hadi leo watu hawajakubaliana inamfunga nani.

Jina la ukumbi, dojo, ndilo la kale. Limeundwa kwa herufi mbili za Kichina, moja ya “njia”, nyingine ya “mahali”, na Wabudha wa China walilitumia kufasiri jina la Kisanskriti la pale alipoketi Buddha chini ya mti akapata nuru. Lilikuwa neno la watawa muda mrefu kabla halijawa la wapiganaji. Lakini karate yenyewe haikuzaliwa katika jengo lenye jina hilo. Ilizaliwa Okinawa, kisiwa kikuu cha ufalme wa Ryukyu, ufalme wa mabaharia na wafanyabiashara uliokuwa ukituma merehebu zake China, Japani na Siam. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na watu wa Satsuma kutoka Japani, na mwaka 1879 ukafutwa kabisa, ukageuzwa mkoa. Sanaa ya ngumi ilijifunzwa uani, baina ya mwalimu na wanafunzi wachache, aghalabu usiku.

Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, amesimulia masomo yake ya ujanani katika kitabu alichokiandika uzeeni. Mwalimu wake wa kwanza, Anko Azato, alikuwa baba wa rafiki yake wa shule, na mtu wa daraja ya juu katika jamii ya Ryukyu. Kijana alikwenda kwake usiku, na katika ua wenye mwanga hafifu wa taa alirudia mfululizo uleule wa mapigo na makingo kwa miezi, huku Azato ameketi barazani akitazama. Maneno ya mwalimu yalikuwa machache mno: rudia; mara mojamoja, vyema. Hapakuwa na mstari, kwa kuwa mara nyingi mwanafunzi alikuwa mmoja tu. Hapakuwa na mkanda wala sare. Adabu iliyotawala ilikuwa ile ya nyumba ya watu: namna kijana anavyoingia kwa mkubwa, anavyoketi, anavyosubiri kusemeshwa, anavyoaga. Haikuandikwa popote kwa kuwa kila mtoto aliyelelewa aliijua.

Kutoka siku hizo kimebaki kisa kimoja kinachostahili kusimuliwa kwa urefu. Usiku mmoja Funakoshi alikuwa njiani kutoka Shuri kwenda kwa wakwe zake karibu na Naha, amebeba vikate vitamu vya kuweka kwenye madhabahu ya wahenga. Katika msitu wa misonobari akatokewa na wanaume wawili waliotaka alicho nacho. Alikuwa tayari na ujuzi wa kutosha kuwaumiza. Akawapa vikate, akaenda zake. Siku zilizofuata akawaeleza walimu wake wawili. Anko Itosu alimsifu kwa kujizuia. Azato akamwuliza jambo jingine: sasa umebaki na nini cha kuwapa wahenga? Kijana akajibu kuwa amewapa dua ya moyoni. Hapo ndipo Azato aliporidhika. Msomaji ataona kwamba kwa mzee yule heshima haikuishia kwa majambazi kusalimika. Deni la madhabahuni lilikuwa bado linadai, na lilidaiwa kwa upole.

Itosu ndiye aliyeitoa karate uani. Kuanzia mwaka 1901 ilianza kufundishwa katika shule ya msingi ya Shuri, na baada ya miaka michache ikaingia shule ya kati ya mkoa. Itosu alitunga mifululizo mitano mifupi kwa ajili ya watoto, akaiita kwa jina lenye maana ya amani na utulivu. Oktoba 1908 aliandika waraka wa vipengele 10 uliolengwa kwa wakuu wa elimu na wa jeshi. Waraka huo unafungua kwa kukana kuwa sanaa hii ilitokana na dini ya Buddha au mafunzo ya Confucius, jambo ambalo waumini wengi wa “falsafa ya dojo” wangelisikia kwa mshangao. Unaonya kwamba ngumi na mateke si vya kumwumiza mtu mmoja aliyekuchokoza, bali ni vya kumlinda mzazi au bwana wako. Lakini palepale unaahidi kwamba watoto wakifunzwa mapema watakuwa askari hodari, na unamtaja hata yule jemadari wa Kiingereza aliyemshinda Napoleon na habari ya viwanja vya michezo vya shule. Mzee wa Shuri alijua anamwandikia nani.

Darasa la watoto hamsini haliwezi kuongozwa kwa “rudia” na “vyema” za barazani. Shule za Japani zilikuwa zimekwisha kupokea mazoezi ya viungo ya kijeshi tangu miaka ya 1880, wakati wa waziri Arinori Mori: mistari iliyonyooka, amri ya kusimama wima, amri ya kuinama, hesabu kwa sauti moja. Karate ilipoingia humo ilivaa vazi la humo. Mstari ambao mwanafunzi wa leo huuona kuwa urithi wa mashujaa wa panga ni, kwa asili yake, mstari wa uwanja wa shule.

Vazi lenyewe lilitoka kwingine. Picha za zamani za Okinawa zinaonyesha watu wakijizoeza vifua wazi au katika nguo zao za kila siku. Mwaka 1922 Funakoshi, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, alikwenda Tokyo kuonyesha sanaa ya kwao katika maonyesho yaliyoandaliwa na wizara ya elimu. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akamwalika katika ukumbi wake wa Kodokan. Kano alikuwa ameufungua ukumbi huo mwaka 1882, akaupa taratibu, madaraja na mkanda mweusi. Karate ikaazima karibu yote: nguo nyeupe, ila nyepesi zaidi, na mikanda. Aprili 1924 Funakoshi alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate. Mtu anayeuona mkanda mweusi kuwa kitu cha kale cha Okinawa anautazama mkopo akidhani ni urithi.

Lakini kipo ambacho Funakoshi hakukiazima. Huko Tokyo alikaa katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akiruhusiwa kutumia ukumbi wa mihadhara wakati wenyewe hawauhitaji. Pesa hakuwa nazo. Akafagia vyumba, akatunza bustani, akalinda mlango. Siku moja mwandishi wa gazeti alifika, akamkuta mzee anafagia, akamwuliza alipo Bwana Funakoshi. Mzee akamwambia asubiri kidogo, akapanda juu, akabadili nguo, akashuka na kujitambulisha. Katika kumbi nyingi hadi leo wanafunzi hupiga deki sakafu kwa tambara, wakiwa wameinama, mkubwa na mdogo. Mahali ambapo kazi hiyo wameachiwa wadogo peke yao, jambo lililo la kawaida zaidi kuliko inavyokiriwa, lile fagio la bwenini limekwisha kusahauliwa.

Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya kuweka mambo kwenye maandishi. Tarehe 25 Oktoba 1936 mabingwa wa Okinawa walikutana Naha wakaafiki kwamba herufi ya kwanza ya jina la karate, iliyokuwa na maana ya China, ibadilishwe kwa nyingine itamkwayo vivyo hivyo yenye maana ya utupu. Mkono wa Kichina ukawa mkono mtupu. Shairi zuri hilo, lakini mwaka uliofuata Japani iliivamia China, na haihitaji hekima kubwa kuona faida ya kulifuta jina la China katika sanaa iliyokuwa ikiomba nafasi miongoni mwa sanaa za taifa. Kanuni 20 za Funakoshi zilichapishwa mwaka 1938. Ya kwanza inaiweka salamu ya kuinama mwanzoni na mwishoni mwa karate. Ya pili inakataza mtu wa karate kuwa wa kwanza kushambulia. Zikisomwa pamoja hueleweka: anayeinama anampa mwenzake utosi wake, na hawezi kwa wakati huohuo kumrukia.

Baada ya vita, Chama cha Karate cha Japani kilichoanzishwa mwaka 1949 kilieneza tamko fupi linalosomwa kwa sauti mwisho wa kila somo. Mambo yake ni matano: tabia njema, uaminifu, juhudi, heshima kwa wengine, na kujizuia na ukatili. Wapenzi wa mashairi watafurahia kitu kimoja ndani yake. Kila sharti huanza na neno lenye maana ya “moja”. Hakuna la pili wala la tano. Heshima ni moja, na kujizuia ni moja, kama kituo kinachorudi mwisho wa kila ubeti na kila mara kikawa kipya.

Wala si ajabu mwanzo wa mkondo huu kuwa mshairi. Funakoshi alipokuwa kijana alizoea, baada ya mazoezi, kwenda kutembea peke yake katika kilima chenye misonobari karibu na Shuri, akisikiliza upepo ukivuma matawini kama mawimbi. Alipoandika mashairi alijipa lakabu ya Shoto, yaani mawimbi ya misonobari. Wanafunzi wake walipomjengea ukumbi Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1930, walitundika mlangoni ubao wenye lakabu hiyo: Shotokan, nyumba ya Shoto. Mamilioni ya watu duniani wanaojiita wa Shotokan wanajitaja, bila ya kujua, kwa lakabu ya malenga. Ukumbi huo uliteketezwa na mabomu ya ndege mwaka 1945.

Katika vyuo vikuu vya Tokyo, na baadaye kwingi karate ilikofika, utaratibu wa mkubwa na mdogo ulikomaa ukawa mgumu. Mdogo hajibu, hauhoji, hachoki. Adabu iliyokusudiwa kumfunga mwenye nguvu ikageuka kamba ya kumfungia asiye nazo. Mwaka 2021, miezi michache kabla ya karate kuchezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, bingwa wa dunia wa mwaka 2016, mwanamke wa Kijapani, alieleza hadharani kwamba mazoezini alipigwa jichoni na mkufunzi wake kwa upanga wa mianzi. Mkufunzi huyo alikuwa kiongozi mkubwa katika shirikisho la taifa, naye akapoteza wadhifa wake. Wapo waliomwona yule bwana kuwa ndiye mtunzaji wa nidhamu na mwanamke kuwa ndiye aliyekosa adabu. Sharti la pili la Funakoshi, hata hivyo, halina msamaha kwa wenye mkanda wa juu.

Mwenyewe hakujisamehe. Katika miaka ya shida baada ya vita, akikaribia miaka 80, alikuwa akirudi nyumbani usiku, mwavuli mkononi. Kijana mmoja alitaka kumnyang'anya mwavuli huo. Mzee akainama, akamkamata mahali ambapo hakuna mwanamume anayeweza kustahimili, akamshikilia hadi askari wa zamu alipotokea. Watu wengine wangelisimulia kwa kicheko, na kweli kisa kinachekesha. Yeye aliandika kwamba alimtazama kijana yule, pengine mmoja wa askari waliorudi kutoka vitani bila ya kazi wala chakula, akaona aibu, kwa kuwa alikuwa ametenda lile alilokuwa akiwakataza vijana maisha yake yote. Mwavuli ulibaki kwake.