Madoa Yaliyoipotosha Hubble
Sayari HD 189733 b iligunduliwa mwaka 2005 kutoka Haute-Provence, Ufaransa. Kila baada ya siku 2.2 hupita mbele ya nyota yake, na mwanga hupungua kwa asilimia 2 na ushei.

Mwaka uliofuata darubini ya anga ya Hubble ilielekezwa kwake. Sayari ikiwa bado inapita, mwanga uliofifia ukapanda kidogo: sayari ilikuwa imefunika doa, eneo la nyota lenye joto pungufu na giza zaidi.

Lakini doa lisilofunikwa ndilo linalopotosha zaidi. Huifanya sayari ionekane kubwa kuliko ilivyo, hasa katika mwanga wa bluu, hata mtafiti akadhani ameona ukungu wa angahewa. Ikabidi nyota yenyewe ichunguzwe. Darubini ndogo huko Arizona ikaifuatilia kwa miezi, na madoa yakafichua kwamba nyota hiyo hujizungusha kwa siku 12 hivi.