Falsafa: Je, ni Somo Dogo?

Mzazi wa Kagongwa, wilayani Kahama, akiambiwa kwamba mwanawe aliye chuoni amechagua uchumi kuwa somo kuu na falsafa kuwa somo dogo, ana haki ya kuuliza mambo mawili: falsafa ni kitu gani, na kwa nini kijana ahangaike na somo ambalo wasomi wenyewe wameliita dogo? Swali hilo atapelekewa mwalimu au mtumishi wa serikali aliye jirani, naye hana budi kulijibu kwa maneno tuliyo nayo.

Neno falsafa limetoka mbali. Wayunani waliunganisha kupenda na hekima wakapata neno moja; Waarabu wakalipokea, wakalitamka kwa namna yao; nasi tukalipata kwao. Mantiki nayo, yaani elimu ya hoja sahihi, imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusema. Lakini jambo lenyewe si geni Usukumani, ambako mtu mwenye akili ya kupambanua mambo husifiwa kuwa ana masala. Chuo huongeza utaratibu wa kuziandika hoja na kuzijaribu.

Mfano tunaoujua ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Alipokuwa Makerere, kati ya 1943 na 1945, alitumia hoja za John Stuart Mill kuandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki. Huko Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, falsafa ya maadili ilikuwa moja tu ya masomo yake, pamoja na uchumi na historia. Hata hivyo, alipotoa kijitabu chake juu ya ujamaa mwaka 1962, alifanya kazi ya mwanafalsafa na ya mwanaistilahi kwa pamoja: alilichukua neno la undugu wa ukoo, akauliza jamaa ni nani, akalipanua lipite mipaka ya ukoo na kabila. Watu walipohamishiwa vijijini kwa lazima katika miaka ya 1970, Usukumani pia, swali lililozuka lilikuwa la kifalsafa vilevile: je, undugu waweza kuamriwa?

Basi istilahi "somo dogo" ina kasoro. Kinachokusudiwa ni uchache wa saa na mitihani, lakini neno "dogo" hupima thamani. "Somo saidizi" nalo hulifanya liwe mtumishi wa jingine, hali falsafa mara nyingi hulihoji somo kuu: mwanauchumi hueleza kwa nini bei ya mpunga imepanda, falsafa humtaka aeleze bei ya haki ni ipi. "Somo la pili" lataja mpangilio tu, bila kudharau wala kusifu. Yafaa walimu na wafasiri walitumie, ili mzazi aelezwe ukweli na kijana asome bila kuona haya.