Mara Mia ni Nyingi kwa Nani? Mfano wa Mpanzi (Marko 4) Ukisomwa Ugogo

Mhubiri wa Ugogo anayefafanua mfano wa mpanzi huanza na mtaji. Wasikilizaji wake wanajua kuberega: kufyeka na kuchoma mabaki ya shamba, kisha kupanda mtama au uwele bila kulitifua, mara nyingi udongo ukiwa bado mkavu, ili kuiwahi mvua ya Desemba. Mjerumani Joachim Jeremias alilazimika kuwaeleza wasomaji wake kwamba huko Palestina mbegu ilitangulia na plau ikafuata, hivyo mpanzi wa Yesu hakuwa mzembe. K. D. White alimpinga mwaka 1964: wakulima wa zama zile walilima kabla ya kupanda, na baada yake pia. Pale Mvumi au Bahi, kupanda penye shamba lisilolimwa hakuhitaji mtetezi.

Hatari iko hapo hapo. Kinachofanana na cha kwetu hatukiulizi tena. Anayeberega hamwagi mbegu, bali huifukia kishimoni. Mbegu inayoangukia njiani si ya shamba lake. Tofauti hiyo ni ndogo. Kubwa iko kwenye mavuno.

Mrumi Cicero, akimshtaki gavana wa zamani Verres mwaka 70 KK, anasema mashamba ya ngano ya Leontini, Sisilia, yakistawi hurudisha mara 8, na mara 10 miungu yote ikisaidia. Mrumi mwenzake Varro anazitaja mara 100 kwa sehemu chache zenye sifa, mojawapo Gadara, isiyo mbali na Ziwa la Galilaya. Katika Mwanzo 26 Isaka anavuna mara 100 katika nchi iliyokumbwa na njaa, na mwandishi anaona sababu moja tu: baraka ya Mungu. Sasa tupige hesabu ya mtama. Hekta moja hupandwa takriban kilo 10 za mbegu. Ikitoa tani moja, mkulima amepata mara 100, na jirani hatatoka nyumbani kumshangaa. Mshangao ambao mfano mzima unauelekea umepotea.

Wainjilisti wenyewe hawakuichukulia hesabu hiyo kama mkataba. Marko, akiandikia watu wenye dhiki karibu na vita vya Wayahudi vya mwaka 66–70, anapanda ngazi: 30, 60, 100. Mathayo anaishuka. Luka anabakiza 100 peke yake, na katika ufafanuzi anaongeza saburi.

Hata hivyo Ugogo una neno la kuwajibu wafafanuzi wa Ulaya wanaokimbilia mavuno. Katika Mtunya, njaa ya 1917–1920, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakata. Penye kumbukumbu hiyo, mbegu iliyoliwa na ndege ni chakula ambacho watoto walinyimwa ili kipandwe. Hasara tatu za Marko zina uzito huo, na Cicero hawezi kutufundisha.

Ombi langu kwa wanaofundisha Injili hii Msalato na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana ni dogo: mwanafunzi asiandike mahubiri ya Marko 4 kabla hajahesabu punje za suke moja la ngano, kisha za suke moja la uwele.