Binti wa Clutterbuck na Ukoo wa Istabali

Agosti 2026 inatimiza miaka 40 tangu Beryl Markham afariki jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 83. Ulimwengu unamjua kama rubani aliyevuka Atlantiki peke yake Septemba 1936, kutoka Uingereza kuelekea magharibi, hadi injini ilipokosa mafuta na ndege ikajikita pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Canada. Lakini kabla hajashika usukani wa ndege alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio, na kazi hiyo aliipata nyumbani.

Baba yake, Kapteni Charles Clutterbuck, alifika Afrika Mashariki mwaka 1904, siku ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi ya watu wengine. Alianza kwa kufanya kazi kwa mlowezi mwenzake, Lord Delamere, kisha akajipatia shamba lake Njoro, kando ya msitu wa Mau. Huko alijenga kinu cha kusaga nafaka na kufuga farasi wa mbio. Mkewe, Clara, aliyashindwa maisha hayo. Alirudi Uingereza na kijana wao Richard, na binti wa miaka minne akaachwa na baba.

Mtoto asiye na mama hulelewa na waliopo. Waliokuwepo Njoro ni saisi wa istabali na familia za Wanandi na Wakipsigis waliofanya kazi shambani. Katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, Beryl anamtaja arap Maina, mtu aliyemfundisha kuwinda kwa mkuki na ambaye baadaye aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na mwanawe Kibii, mwenzake wa utotoni. Kibii alipokuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta, akafanya kazi na Beryl miaka mingi, kwanza kwa farasi, kisha kwa ndege. Mtu akiniuliza ndugu wa Beryl ni nani, nitamtaja arap Ruta kabla ya Richard.

Ukame ulipoingia, Clutterbuck alikuwa amefungwa na mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Bei ya nafaka ikapanda, naye akakataa kuvunja ahadi. Shamba likafilisika, farasi wakauzwa, akaenda Peru kufunza farasi wa watu. Beryl hakufuatana naye. Alimpanda Pegasus, farasi aliyemzalisha kwa mikono yake mwenyewe, akaelekea Molo kuanza kazi. Akiwa na miaka 18 hivi alipata leseni ya ukufunzi, mwanamke wa kwanza nchini kuipata.

Kisa kilichompa jina ni cha mbio za St Leger, mwaka 1926. Alikuwa amemwandaa farasi dume aitwaye Wrack, tegemeo la wengi. Zikiwa zimesalia wiki 12, mwenye Wrack akaingiwa na hofu: farasi wa thamani hiyo aachiwe msichana? Akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na Wise Child, farasi jike mwenye damu njema na kano dhaifu za miguu, ambaye ukimkimbiza sana unamvunja na usipomkimbiza hashindi. Wiki zote zile yeye na arap Ruta walikuwa wakiipima miguu hiyo kwa viganja, asubuhi na jioni. Siku ya mbio Wrack alitangulia. Wise Child, akiwa na joki Sonny Bumpus mgongoni, akamkamata karibu na mwisho na kumpita, huku miguu ikiwa imekaribia kumwishia nguvu. Kitabu kinasema mkufunzi alikuwa na miaka 18. Mwaka 1926 alikuwa ametimiza 23. Sioni sababu ya kupunguza umri. Ushindi ule ulikuwa mkubwa vya kutosha.

Mbio zile zilifanyika katika uwanja wa zamani wa Nairobi. Leo kumbukumbu yake katikati ya jiji ni Barabara ya Racecourse, ambako maelfu hupita kila siku kufuata matatu.

Katika ndoa yake na Mansfield Markham alizaa mtoto mmoja, Gervase, mwaka 1929. Kijana alilelewa na familia ya baba yake Uingereza, mbali na mama, na alifariki mwaka 1971 kabla ya mama yake. Mary Lovell, aliyeandika maisha ya Beryl baada ya kuzungumza naye mwaka 1986, hafichi uchungu wa jambo hili. Aliyeachwa akiwa mdogo naye aliacha. Farasi hakuwaacha.

Uwanja wa mbio ulihamia Barabara ya Ngong mwaka 1954. Beryl alirudi nchini baada ya miaka kadhaa Marekani, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara sita. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo palepale uwanjani, fedha zikiwa haba, akiwa bado anafunza. Kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka 1983 ndipo wageni wakaanza kumtafuta.

Mwaka uleule aliofariki, jumba la makumbusho la mwandishi Karen Blixen lilifunguliwa umbali mfupi kutoka uwanja huo, katika mtaa unaoitwa Karen. Blixen aliishi nchini miaka 17 tu. Beryl, aliyekulia hapa na kuzungumza Kiswahili tangu utotoni, amepewa kreta katika sayari ya Zuhura. Nairobi inaweza kufanya zaidi. Klabu ya mbio ina ardhi na ina wapenzi wake. Kibao kwenye lango la Barabara ya Ngong hakigharimu mengi, na kiandikwe majina mawili: Beryl Markham na arap Ruta.