Picha ya sura kwa mwanga wa asili

Picha ya sura kwa mwanga wa asili ni picha ya mtu, hasa uso wake, inayopigwa kwa kutumia mwanga wa jua au wa anga bila kuongeza taa ya umeme wala flashi. Mwanga huo unaweza kumfikia mtu moja kwa moja, kupitia dirishani, au baada ya kuakisiwa na ukuta, mchanga au mawingu.

Lengo lake ni kumwonyesha mtu akiwa anapendeza huku akibaki kuwa yeye mwenyewe. Mambo matatu huamua matokeo: ukubwa wa chanzo cha mwanga, upande unakotoka, na jinsi kamera inavyoupima. Hili la tatu ni muhimu sana kwa watu wenye ngozi nyeusi, ambao mara nyingi hutoka kama kivuli katika picha na kudhani kwamba tatizo ni rangi yao.

Historia

Picha za kwanza za watu zilitegemea jua kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1839 Mmarekani Robert Cornelius alijipiga picha huko Philadelphia, nje ya duka la familia yake, ili apate mwanga wa kutosha. Vifaa vya wakati ule vilipokea mwanga polepole, hivyo mtu alipaswa kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu. Studio za karne ya 19 zilijengwa kwa paa au kuta za vioo. Nchini Uingereza, Julia Margaret Cameron (1815–1879) aligeuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio yake.

Barani Afrika, mfano maarufu ni Seydou Keïta (1921–2001) wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948 na kupiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, akitundika kitambaa nyuma ya wateja wake. Picha zake zinaonyesha kwamba ua, kitambaa na jua vinatosha kumpa mtu heshima yake.

Mwanga laini na mwanga mkali

Chanzo kikubwa cha mwanga hutoa vivuli laini, na chanzo kidogo hutoa vivuli vyenye kingo kali. Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa liko mbali huonekana kama duara dogo angani. Ndiyo maana mwanga wake wa moja kwa moja ni mkali na huonyesha kila kunyanzi. Mawingu yakilifunika, anga lote huwa chanzo kimoja kikubwa na vivuli hulainika. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja hufanya kazi hiyohiyo. Dirisha linalopigwa na jua linaweza kufunikwa kwa pazia jepesi jeupe.

Saa na mahali

Karibu na ikweta jua la mchana huwa karibu na utosi. Kwa mfano, Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba. Mwanga wa juu hivyo hufanya macho yazame gizani na kuacha kivuli chini ya pua na kidevu. Saa zinazofaa zaidi ni za asubuhi kabla ya saa 3, na za jioni kuanzia saa 10 na nusu. Kwa kuwa katika ukanda huu jua hushuka karibu wima, rangi ya dhahabu ya machweo haidumu. Mpigapicha anapaswa kuwa tayari mapema.

Mtu anayelazimika kupiga picha saa 6 mchana atafute kivuli kilicho wazi upande mmoja, kama vile barazani au mlangoni. Anayepigwa picha asimame hatua chache ndani ya kivuli, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Kivuli cha mti wenye majani machache hakifai, kwa sababu mwanga hupenya na kuacha madoa usoni.

Ardhi nayo huakisi mwanga. Mchanga mweupe au sakafu ya saruji huinua mwanga hadi chini ya macho. Majani mabichi huongeza rangi ya kijani, na ukuta wenye rangi kali hupaka rangi yake kwenye shavu lililo karibu.

Mwanga wa dirishani

Njia rahisi ni hii:

1. Zima taa za umeme chumbani, kwa sababu rangi ya mwanga wake hutofautiana na ya mchana.
2. Mkalishe mtu kando ya dirisha, umbali wa mita 1 hivi.
3. Mwombe ageuze uso taratibu kuelekea dirishani mpaka nukta ya mwanga ionekane katika macho yote mawili.
4. Upande wenye giza, shika karatasi ya manila nyeupe au shuka nyeupe ili irudishe mwanga usoni. Ukiisogeza karibu, kivuli hupungua.
5. Weka kamera usawa wa macho, na ulenge jicho lililo karibu nawe.

Simu ikisogezwa karibu mno, pua huonekana kubwa na masikio madogo. Ni afadhali kurudi nyuma hadi mita 1.5 au 2, kisha kukuza picha kwa kiasi.

Rangi ya ngozi na kipimo cha mwanga

Kamera haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, yaani kijivu kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, kamera hupunguza mwanga ili weupe ule usizidi, na uso hutoka giza. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza picha yote, kamera huweza kuongeza mwanga kupita kiasi na kuufanya upauke.

Tatizo hili lilikuwepo hata katika filamu. Kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, alionyesha jinsi kipimo hicho kilivyowaacha nje watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika kipimo, si katika ngozi.

Marekebisho si magumu. Kwenye simu nyingi, mpigapicha hugusa uso kwenye kioo ili upimwe wenyewe, kisha huongeza au kupunguza mwanga kwa kutelezesha kidole. Mandhari ya nyuma yenye rangi iliyokolea kiasi husaidia kuliko nyeupe. Katika picha ya kundi, wenye ngozi nyeusi zaidi wakae karibu zaidi na dirisha. Ngozi nyeusi pia hupendeza kwa mwanga wa kutoka pembeni, kwa sababu mng'ao wake huchora umbo la shavu na paji la uso.

Programu za simu zinazong'arisha uso hufuta alama na kubadilisha rangi ya mtu, lakini haziwezi kurudisha mwanga ambao haukuwepo. Uso uliopimwa vizuri hauhitaji kufanywa mweupe ili uonekane.

Tazama pia

Kamera
Mwanga
Upigaji picha
Seydou Keïta